Wilaya ya Higashikubiki ilikwenda wapi?

Ramani ya mkoa wa Niigata, Japani, iliyochapwa mwaka 2004 inaonyesha Wilaya ya Higashikubiki. Ile iliyochapwa katikati ya mwaka 2005 haina wilaya hiyo. Haikuhamishwa wala kubadilishwa jina. Miji na vijiji vyake sita vilichukuliwa na majiji mawili tofauti, Joetsu na Tokamachi: vinne mwezi Januari, viwili mwezi Aprili. Vilipoondoka vile viwili vya mwisho, wilaya ikawa imekwisha. Mtu anayetafuta habari za eneo hili, iwe anafasiri hati, anatafiti kilimo cha milimani au anafuatilia ukoo wa mwenzi wake wa ndoa, mara nyingi hukwama hapo kwa sababu anatafuta mrithi wa wilaya. Mrithi hayupo. Kinachofuatilika ni kijiji kimoja kimoja, na kila kijiji kina njia yake.

Kwanza tuweke sawa maana ya wilaya yenyewe. Msomaji wa Tanzania akisikia wilaya anafikiria mkuu wa wilaya, ofisi, halmashauri, gari la serikali. Wilaya ya Kijapani, inayoitwa gun, haina hata kimoja kati ya hivyo. Zamani ilikuwa navyo. Sheria ya mwaka 1878 ilizipanga upya wilaya za kale, na mwaka 1879 eneo kubwa la Kubiki likagawanywa kuwa Higashikubiki upande wa mashariki, Nakakubiki katikati na Nishikubiki magharibi. Mwaka 1890 ikatungwa sheria iliyozifanya wilaya kuwa ngazi kamili ya serikali za mitaa, zenye mabaraza. Ngazi hiyo ikafutwa mwaka 1923, na ofisi za wilaya zikafungwa mwaka 1926. Tangu hapo wilaya imebaki kuwa jina la kukusanya miji midogo na vijiji: katika anwani, katika takwimu, na kwa muda mrefu katika majimbo ya uchaguzi wa mabaraza ya mikoa. Jiji, kwa Kijapani shi, haliingii ndani ya wilaya. Mji mdogo (machi) na kijiji (mura) ndivyo vinavyoingia. Kwa hiyo mji mdogo ukimezwa na jiji, wilaya hupungua papo hapo, na ukiondoka wa mwisho hakuna anayepiga kura kuifuta. Inaisha yenyewe.

Nchi yenyewe ilivyo

Higashikubiki ni vilima. Vimekaa kati ya uwanda wa Takada, ulio upande wa Bahari ya Japani, na bonde la mto Shinano lililo upande wa Tokamachi. Udongo wake ni mfinyanzi laini uliotokana na matope ya bahari ya kale, na huteleza. Maporomoko ya ardhi ya polepole ni jambo la kawaida hapa. Yale makubwa ya Matsunoyama, mmoja wa miji ya wilaya hii, yalianza mwaka 1962 na kutikisa mashamba na nyumba kwa miaka. Lakini mteremko ulioteleza huacha udongo mzito unaoshika maji, na ndio maana wakulima waliweza kuchonga mashamba ya mpunga ya ngazi katika nchi ambayo mtu angedhani haifai. Mashamba ya Hoshitoge huko Matsudai, mji mwingine wa wilaya, takriban 200 kwa idadi, ndiyo yanayopigwa picha zaidi. Mahali pengine walikata shingo ya mto uliojipinda, wakaupeleka njia ya mkato, kisha wakageuza kitanda chake cha zamani kuwa shamba.

Halafu kuna theluji. Vijiji hivi viko miongoni mwa makazi ya watu yenye theluji nyingi kabisa duniani, na kina cha mita tatu wakati wa baridi hakimshangazi mwenyeji. Hapa nitoe angalizo moja, maana kosa hili hurudiwa sana: rekodi ya sentimita 818 ya tarehe 13 Februari 1927 haikuwekwa Higashikubiki. Iliwekwa kijiji cha Terano, Wilaya ya Nakakubiki, eneo ambalo leo ni Itakura, Joetsu. Majirani, lakini wilaya mbili tofauti.

Theluji na udongo ndivyo vilivyoamua nani anamfikia nani. Barabara kuu namba 253 inapita Uragawara hadi Matsudai na kuendelea Tokamachi, ila kwa vizazi vingi safari ya majira ya baridi ilikuwa ya mashaka. Reli ya Hokuhoku, kilomita 59.5, ilifunguliwa tarehe 22 Machi 1997, na ndani ya wilaya ikawa na vituo vya Uragawara, Mushigawa-Osugi, Hokuhoku-Oshima na Matsudai. Kati ya Oshima na Matsudai treni hupita katika handaki la Nabetachiyama lenye urefu wa mita 9,117. Ujenzi wake ulidumu zaidi ya miaka 20, kwa sababu udongo ulivimba na kurudi ndani ya shimo kwa nguvu iliyoweza kusukuma nyuma mashine ya kuchimbia. Kipande kisichofika hata kilomita moja kilichukua karibu miaka 10. Ukitaka kuona wilaya ilipokatikia, tazama handaki hilo. Oshima iko upande mmoja, na leo ni Joetsu. Matsudai iko upande wa pili, na leo ni Tokamachi. Tena kutoka Matsudai kituo kinachofuata kuelekea mashariki ni Tokamachi yenyewe. Reli ilipofika, hesabu ya watu wa Matsudai kuhusu wapi pa kwenda sokoni, hospitalini na shuleni ilibadilika.

Fedha zilizosukuma

Mwezi Machi 1999 Japani ilikuwa na majiji, miji na vijiji 3,232. Mwezi Machi 2010 vilibaki 1,727. Niigata ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyopunguza zaidi: kutoka 112 hadi 30. Hakuna kijiji kilichoshurutishwa kwa sheria kuungana, lakini serikali kuu ilikuwa imeshika mfuko na kalenda.

Chombo cha kwanza kilikuwa mkopo maalumu wa muungano. Chukua mradi wa yeni milioni 1,000, tuseme barabara au shule ya pamoja. Jiji jipya liliruhusiwa kukopa asilimia 95, yaani milioni 950, na kutoa taslimu milioni 50 tu. Wakati wa kulipa, asilimia 70 ya marejesho iliingizwa kwenye hesabu ya ruzuku kutoka serikali kuu. Asilimia 70 ya milioni 950 ni milioni 665. Mzigo wa jiji lenyewe ukawa milioni 285 za marejesho na milioni 50 za mwanzo, jumla 335, pamoja na sehemu yake ya riba. Kwa kijiji ambacho wazee ni wengi na kodi ni chache, mradi uliopatikana kwa theluthi moja ya gharama ulikuwa kishawishi kikubwa.

Chombo cha pili kinaeleweka kidogo kuliko cha kwanza, na kwa maoni yangu ndicho kilichouma baadaye. Ruzuku ya kawaida hukokotolewa kwa fomula inayovipa vijiji vidogo zaidi kwa kila mtu, maana ofisi ndogo ina gharama zake zisizopungua. Vikiungana, kwa fomula hiyo hiyo ruzuku inashuka. Ili kutuliza hofu, sheria iliahidi kwamba mwaka wa fedha wa muungano na mingine 10 inayofuata, jiji litapewa ruzuku kana kwamba vijiji vingali vimetengana. Baada ya hapo nyongeza hiyo hushushwa kwa miaka 5: asilimia 90, 70, 50, 30, 10, kisha sifuri. Mwaka wa fedha wa Kijapani huanza Aprili. Kwa hiyo Joetsu, iliyoungana Januari 2005 ndani ya mwaka wa fedha wa 2004, ilianza kushuka mwaka 2015. Tokamachi, iliyoungana tarehe 1 Aprili 2005, ilianza mwaka 2016. Tofauti ya miezi mitatu katika tarehe ya muungano ilizaa tofauti ya mwaka mzima katika bajeti. Ukisoma bajeti za majiji haya mawili na kuona ofisi za matawi zikipunguziwa watumishi, weka kalenda hii pembeni.

Na kalenda yenyewe: sheria maalumu iliyoweka masharti haya ilikuwa ya kuisha tarehe 31 Machi 2005. Aliyepeleka ombi kwa gavana kufikia siku hiyo na kukamilisha muungano kufikia tarehe 31 Machi 2006 alipata masharti hayo. Ndiyo sababu wilaya zote tatu za Kubiki zilifutika ndani ya wiki mbili: Nishikubiki tarehe 19 Machi 2005, Nakakubiki na Higashikubiki tarehe 1 Aprili.

Hatua za kisheria zilikuwa zilezile kila mahali. Mabaraza ya kila upande hupitisha azimio la kuunda baraza la pamoja la majadiliano. Wananchi nao wangeweza kulidai kwa sahihi za sehemu moja ya hamsini ya wapiga kura, na madiwani wakikataa, sahihi za sehemu moja ya sita zilitosha kudai kura ya maoni. Baraza hilo hukubaliana kwanza mambo matano: aina ya muungano, tarehe, jina, mahali pa makao makuu, na mali na madeni. Kisha hufuata mamia ya mambo madogo, kuanzia bei ya maji hadi zamu za magari ya kuzolea theluji. Makubaliano yakitiwa sahihi, kila baraza la madiwani hupiga kura, ombi huenda kwa gavana, baraza la mkoa hupiga kura, gavana huamua na kumwarifu waziri, na waziri hutangaza katika gazeti la serikali. Mazungumzo mengi nchini yalivunjika katika jina na mahali pa makao makuu. Madeni huweza kugawanywa kwa hesabu; jina haligawanyiki.

Njia mbili kutoka wilaya moja

Hapa ndipo Higashikubiki inapokuwa mfano mzuri kuliko wilaya nyingi, kwa sababu vijiji vyake vilipitia aina zote mbili za muungano zilizomo katika sheria.

Mji wa Yasuzuka na vijiji vya Uragawara, Oshima na Maki viliingia Joetsu tarehe 1 Januari 2005 kwa njia ya kumezwa. Havikuwa peke yake: siku hiyo Joetsu ilichukua miji na vijiji 13, vinane kutoka Nakakubiki na kimoja kutoka Nishikubiki, ikafikia eneo la kilomita za mraba takriban 973. Joetsu yenyewe ilikuwa zao la muungano wa Takada na Naoetsu mwaka 1971. Katika kumezwa, jiji linalomeza halifi. Meya wake anabaki, sheria ndogo zake zinaenea hadi vijiji vipya, na msimbo wake wa takwimu, 15222, unaendelea. Kwa upande wa vijiji, mameya wao wanaondoka siku hiyohiyo, na sheria zao ndogo zinakufa.

Matsudai na Matsunoyama zilichagua upande mwingine, kwa kuunda jiji jipya pamoja na Tokamachi ya zamani, mji wa Kawanishi na kijiji cha Nakasato. Katika aina hii wote wanakufa kisheria, hata jiji kubwa. Mameya wote hupoteza kiti, na meya mpya huchaguliwa ndani ya siku 50. Katika kipindi hicho mmoja wa viongozi wa zamani hukaimu, naye siku ya kwanza hulazimika kutia sahihi rundo la sheria ndogo, maana bila hizo jiji haliwezi hata kulipa mishahara. Jiji jipya lilichukua jina lilelile, Tokamachi, na msimbo uleule, 15210. Hapo pana mtego mkubwa kwa mtu wa takwimu. Tokamachi ya Machi 2005 na Tokamachi ya Aprili 2005 ni vyombo viwili tofauti kisheria, vyenye mipaka tofauti, lakini katika jedwali vinaonekana kama kitu kimoja kilichonenepa ghafla hadi wakazi takriban 62,000 katika sensa ya Oktoba 2005. Ukichora mstari wa idadi ya watu bila kusahihisha mipaka, utaona ongezeko katika eneo ambalo kila kijiji chake kilikuwa kinapungua.

Kwa nini hao wawili walikwenda mashariki? Reli nimeshaitaja. Jambo la pili ni kwamba walikwisha kuzoea kufanya kazi pamoja. Maonyesho ya sanaa ya Echigo-Tsumari, yaliyoanza mwaka 2000, yaliandaliwa na serikali sita za mitaa: Tokamachi, Kawanishi, Nakasato, Tsunan, Matsudai na Matsunoyama. Mwaka 2003, kabla ya muungano, tayari kituo cha Nobutai kilikuwa kimefunguliwa Matsudai na jumba la sayansi la Kyororo Matsunoyama. Kati ya hizo sita, tano ziliungana. Tsunan ilikataa, na mpaka leo ndiyo mji pekee uliobaki katika Wilaya ya Nakauonuma. Kwa maneno mengine, ile wilaya jirani ipo hai kwa sababu mji mmoja ulisema hapana.

Joetsu nayo ilifanya jambo linalostahili kutazamwa na yeyote anayejali serikali za mitaa, popote alipo. Kila eneo kati ya yale 13 lilipewa hadhi ya eneo la kujitawala kijamii, lenye ofisi yake na baraza la wakazi. Kisheria wajumbe huteuliwa na meya. Joetsu iliongeza hatua kabla ya uteuzi: wanaotaka ujumbe hujitokeza wenyewe, na wakizidi nafasi zilizopo, wakazi hupiga kura, kisha meya anateua kufuata matokeo. Wakipungua, meya hujaza nafasi. Ujumbe hauna mshahara. Mwaka 2009 mfumo ukaenezwa hadi Joetsu ya zamani iliyogawanywa maeneo 15, jumla yakawa 28, na kuanzia 2010 zilitengwa takriban yeni milioni 200 kwa mwaka kwa shughuli ambazo mabaraza yenyewe yalizipima na kuzichagua. Mpango huo ukaachwa mwanzoni mwa miaka ya 2020.

Udhaifu wake ni watu. Kijiji kinachopoteza wakazi hupoteza pia wanaoweza kukaa vikao vya jioni bila malipo, na waliojitokeza wamekuwa pungufu ya nafasi katika maeneo mengi. Pamoja na hayo naona Joetsu ilifanya vizuri kuliko majiji yaliyofuta majina ya vijiji na kuacha kibao tu ukutani. Baraza la Yasuzuka linaweza kuulizwa rasmi kabla ya kituo cha Yasuzuka kufungwa. Kuulizwa si kuamua, lakini kijiji kisicho na chombo chochote hakiulizwi hata kidogo.

Kufuatilia anwani ya zamani

Ukipata hati yenye jina Higashikubiki, anza na tarehe ya hati kabla ya kuhangaika na jina. Ikiwa ni kabla ya 2005, tafuta mji au kijiji kilichoandikwa baada ya jina la wilaya. Ikiwa ni kabla ya miaka ya 1950, huenda kijiji hicho kilikufa katika wimbi la muungano la 1953 hadi 1961, lililopunguza serikali za mitaa nchini kutoka 9,868 hadi 3,472. Ikiwa ni kabla ya 1889, kuna wimbi jingine tena, lililozishusha kutoka 71,314 hadi 15,859. Jina la kijiji kilichokufa mara nyingi hubaki kama jina la kitongoji, kile kinachotanguliwa na neno Oaza.

Mfano wa kwanza. Anwani ya zamani ni Niigata-ken Higashikubiki-gun Yasuzuka-machi Oaza Yasuzuka. Leo ni Niigata-ken Joetsu-shi Yasuzuka-ku Yasuzuka. Wilaya imetoka, jiji limeingia, machi imegeuka ku, na Oaza imedondoka. Ku hii usiichanganye na zile za Osaka au Yokohama, ambazo ni matawi ya utawala ya majiji makubwa. Hii ya Joetsu imetokana na eneo la kujitawala nililoeleza hapo juu.

Mfano wa pili ni wa upande wa Tokamachi, ambako miji miwili ilifuata kanuni mbili. Matsunoyama-machi Oaza Yumoto, penye chemchemi ya maji moto, ni Tokamachi-shi Matsunoyama Yumoto. Jina la mji wa zamani limebandikwa mbele ya kitongoji. Lakini Matsudai-machi Oaza Toge, yaliko mashamba ya Hoshitoge, ni Tokamachi-shi Toge tu. Jina Matsudai limetoweka katika anwani hiyo. Ukitafuta vitongoji vya Matsudai kwa kuandika Matsudai, utapata vichache na kukosa vingine vingi.

Hapo msimbo wa posta unasaidia. Tarakimu saba zilianza kutumika Februari 1998, kabla ya muungano, wakati barua za wilaya hii zilipitia upande wa Joetsu. Anwani za katikati ya Tokamachi huanza na 948. Matsudai yenyewe ni 942-1526 na Yumoto ya Matsunoyama ni 942-1432. Kwa hiyo anwani ya Tokamachi inayoanza na 942 inakuambia kwamba mahali hapo palikuwa Higashikubiki. Simu nazo zinasema hivyohivyo: 025-597 ni Matsudai, 025-596 ni Matsunoyama, karibu na 025-592 ya Yasuzuka, ilhali Tokamachi ya katikati hutumia namba zinazoanza na 7 baada ya 025. Namba za magari zimekwenda kinyume. Tangu tarehe 11 Mei 2020 Joetsu ina kibao chenye jina lake, na Tokamachi inaendelea na kile cha Nagaoka, hivyo majirani waliokuwa wilaya moja sasa huonekana barabarani kama watu wa sehemu mbili.

Majina pacha ndiyo yanayoharibu kazi ya wafasiri wengi. Herufi za Kijapani za Matsudai ni zilezile za Matsushiro iliyo mkoa wa Nagano, mahali palipoanza kuchimbwa mahandaki ya makao makuu ya vita mwaka 1944. Usitegemee programu ya kufasiri ichague. Angalia kama mbele yake pameandikwa Niigata au Nagano. Kijiji cha Maki kina pacha wa sauti ndani ya Niigata hiyohiyo: mji wa Maki wa Wilaya ya Nishikanbara, uliojulikana kwa kura ya maoni ya mwaka 1996 kuhusu mtambo wa nyuklia, na uliomezwa na jiji la Niigata mwezi Oktoba 2005. Hapa herufi za Kijapani ndizo tofauti. Kwa herufi za Kilatini peke yake hutaweza kuvitenganisha, kwa hiyo dai hati ya asili.

Kwa upande wa rejista za familia, makao ya rejista yaliyosomeka Higashikubiki yalibadilika yenyewe bila familia kuomba. Nakala za zamani hutolewa na jiji lililorithi kijiji: Joetsu kwa vile vinne, Tokamachi kwa ile miwili. Anayepeleka ombi Joetsu kwa ukoo wa Matsudai atarudishiwa bahasha. Tangu tarehe 1 Machi 2024 kuna njia rahisi zaidi kwa aliyeko Japani: dirisha la serikali yoyote ya mitaa linaweza kutoa rejista za mahali pengine, kwa mhusika mwenyewe, mwenzi wake wa ndoa, wazazi na mababu zake, au watoto na wajukuu. Ndugu wa kuzaliwa pamoja hawamo. Lazima uende mwenyewe, na kitambulisho chenye picha. Wakala na posta havikubaliwi kwa njia hii, na rejista chache ambazo hazikuingizwa kwenye kompyuta hazitoki. Nakala ya rejista hai ni yeni 450, iliyofungwa ni 750. Rejista zilizofungwa hutunzwa miaka 150 tangu kanuni ilipobadilishwa mwaka 2010; zamani ilikuwa 80, hivyo baadhi za kale zilikwisha kuharibiwa kihalali kabla ya hapo.

Ardhi ni rahisi kidogo. Jina la mahali katika kitabu cha ardhi hubadilishwa na ofisi yenyewe. Anwani ya mwenye ardhi huenda ikasomeka bado Higashikubiki, na kanuni zinasema ihesabiwe kuwa imekwisha kubadilika, kwa hiyo usiikatae hati kwa sababu hiyo. Namba za kiwanja kwa kawaida hubaki zilezile.

Mwisho, takwimu. Sensa ya watu ya Oktoba 2000 ndiyo ya mwisho kuwa na safu ya Higashikubiki. Ile ya 2005 ina majiji mawili tu, lakini pia ilitoa majedwali kwa mipaka ya mwaka 2000. Hayo ndiyo ya kutumia ukitaka kulinganisha. Kwa mashamba kuna hazina kubwa zaidi ambayo watafiti wengi wa nje huipita bila kuiona: sensa ya kilimo ya Japani huendelea kutoa matokeo kwa mipaka ya majiji, miji na vijiji vilivyokuwepo tarehe 1 Februari 1950. Kwa hiyo hekta za mpunga za kijiji kilichokufa kabla hata Higashikubiki haijaanza kupungua zinaweza kufuatwa hadi sensa za karne hii. Tafuta safu ya serikali za mitaa za zamani chini ya Joetsu na chini ya Tokamachi, kila moja peke yake, kisha ujumlishe mwenyewe. Hakuna jedwali litakalokujumlishia wilaya.